Mtu Aliyeachwa Juu ya Barafu

Jumatatu, 3 Machi

Maktaba wamepiga simu. Kile kitabu kuna mtu amekiwekea oda. Siongezewi muda tena! Mwisho Jumatatu ya tarehe kumi na saba, kisha kirudi.

Nilimwambia Pirita, mkutubi, kwamba kitabu bado kina kazi. Akauliza nimefika wapi. Nikasema siwezi kuona ukurasa, miwani nimeisahau. Akasema pole, mzee Tauno. Nilikuwa nyumbani kwangu, sijui niliisahau wapi, lakini hakuuliza. Hii ya miwani nimeitumia tangu ujana wangu kiwanda cha mbao na haijawahi kuniangusha.

Ukweli nauandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Mimi Tauno Rautiainen, mstaafu, mkazi wa Iisalmi, Ufini, sijui kusoma vizuri. Herufi nazijua zote. Maneno pia, moja moja. Lakini nikifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshatoroka. Kuandika ni nafuu. Maneno ni yangu, najua yanakoelekea. Ya watu wengine ndiyo yananizungusha.

Aliyekuwa anasoma ni mke wangu, Aune. Gazeti, barua za benki, karatasi za dawa, na kila jioni baada ya kahawa, riwaya. Siri yangu hakumwambia mtu hata mmoja. Desemba aliniacha pabaya. Valfrid, mpima ardhi, ndiyo kwanza amekanyaga ziwa lililoganda, anaelekea ng'ambo kwa Amanda mwenye nyumba ya wageni, na barafu ya Machi inalia chini ya buti zake. Aune akaweka kipande cha pakiti ya kahawa kati ya kurasa, akasema tutaendelea kesho. Kesho yake akaenda hospitali. Januari tukamzika.

Hata shajara hii alijinunulia yeye. Kurasa tupu zilikuwa zinanitazama.

Valfrid bado yuko juu ya barafu. Kitabu sitoi. Ng'o!

Jumanne, 4 Machi

Leo ni Jumanne ya kabla ya Kwaresima, siku ya maandazi ya krimu. Nimenunua mawili. Mazoea. Nimekula yote mawili nikiwa nimesimama, ili nisitazame kiti chake.

Mpango wa kwanza: kisomwe na mashine. Nikampigia Pirita, nikauliza kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi kama kitabu hicho kipo cha kusikiliza. Hakipo. Ni cha zamani mno, hakuna aliyekirekodi. Akaniuliza kama nataka anidokeze mwisho wake, yeye amekisoma. Nikakata simu! Aune alikuwa na sheria moja tu, haturuki mbele wala haturudi nyuma.

Mpango wa pili: nisome mwenyewe. Nikakaa jikoni, nikafungua penye pakiti ya kahawa. Sentensi ya kwanza ina mistari minne. Mistari minne! Hivi mwandishi huyo alikuwa hana mke wa kumwambia avute pumzi? Nikaanza kwa sauti. Mstari wa pili Valfrid alikuwa anatembea. Wa tatu nikamkosa. Wa nne kulikuwa na upepo, na sikujua unampiga nani.

Katikati ya mateso hayo, ukuta ukagongwa. Ensio! Huyu ni jirani yangu wa ukuta wa jikoni, mtangazaji mstaafu wa stesheni ya treni, kapera, na adui yangu wa miaka mingi kwa ajili ya zamu ya sauna. Sasa hata kelele ya kusoma inamkera. Nikamgongea na mimi, mara mbili, kwa kijiko cha supu.

Jumatano, 5 Machi

Aibu. Aibu tupu. Niandike haraka.

Kila Jumatano maktaba huja mbwa mmoja, Nappi, mnene, mwenye masikio kama soksi. Watoto wanaohangaika na kusoma humsomea yeye. Mbwa hacheki, hasahihishi, analala. Ndipo nikapata akili. Mtoto anataka kusoma, mimi nataka kusomewa, mbwa yupo kati yetu. Nani ataumia?

Mtoto wa leo alikuwa Hilla, miaka saba, pengo mbele. Nikakaa karibu kama mpenzi wa wanyama. Nikamwambia Nappi amechoka na hadithi za sungura, leo angependa jambo zito. Nikampa kitabu changu. Akasoma mstari wa kwanza herufi kwa herufi, na nakiri, alinipita. Kisha akafungua mbele na nyuma, akasema hakina picha, nisome mimi.

Nikasema nimesahau miwani.

Akasema, "Umeivaa."

Nikasema hii ni ya kuonea mbali. Akanitazama kwa huruma ambayo mtoto mwenye pengo hana haki ya kuwa nayo. Kisha kwa sauti ya kuitia watu bandarini akasema, "Babu, kama hujui si useme tu! Hata mimi sijui. Ndiyo maana kuna mbwa!"

Maktaba nzima ikageuka kunitazama. Nikatangaza kwamba nilikuwa nakagua huduma ya mbwa kwa niaba ya manispaa, na kwamba nimeridhika. Mlangoni Pirita akanisogelea, akasema kwa upole kuna darasa la watu wazima kila Jumanne, wachache, wana kahawa. Nikamwambia nikikutana na mwenye shida hiyo nitamfahamisha.

Nappi ndiye pekee aliyenisindikiza hadi kizingitini. Mbwa wana utu. Ndiyo sababu sivumilii hadithi ambazo mbwa anakufa. Wetu, Rusko, alikufa mwaka tuliohamia hapa, na tangu siku hiyo kila Aune alipofungua riwaya nilikuwa nauliza kwanza, "Na mbwa?" Na Valfrid naye ana mbwa, Halli, wa kijivu, mwizi, mshenzi kabisa. Aune alikuwa anajibu, "Mbwa mzima. Tulia nisome."

Ijumaa, 7 Machi

Kumbe! Kumbe, kumbe!

Sauna ya jengo letu ni moja, na Ijumaa saa kumi na mbili jioni ni zamu yangu. Ensio anadai ni yake kwa sababu Aune hayupo na "zamu ya familia inahitaji familia." Maneno hayo aliyasema kwenye korido ya chini, na taulo shingoni. Nilitaka kumtwanga ndoo.

Nikasema mimi nitaendelea kukaa saa kumi na mbili hadi nife. Akasema, "Wewe huna subira hata kidogo. Valfrid wa watu amesimama juu ya barafu tangu Desemba na hajalalamika."

Nikaganda. Nikamuuliza amemjulia wapi Valfrid.

Akawa mwekundu, na sauna hajaingia bado. Akaeleza taratibu, akitazama kandambili zake. Ukuta wa jikoni ni mwembamba. Miaka yote hii, kila jioni, alikuwa anasogeza kiti chake ukutani na kikombe chake, anamsikiliza Aune. Riwaya zote! Ile ya daktari wa meli, ile ya mapacha. Desemba sauti ikakatika. Akangoja. Akaja mazishini akakaa nyuma. Akangoja tena. Mwishowe akaenda maktaba akaweka oda.

Mwizi! Alikuwa anamsikiliza mke wangu! Niliyasema hayo kwa nguvu hadi mwangwi ukarudi kutoka kwenye mashine za kufulia. Na Jumanne, nikauliza, kwa nini aligonga ukuta? Akasema alidhani naanza kusoma, akagonga nipaaze sauti kidogo.

Akaniomba basi nimsomee, au nimsomee ukuta, yote sawa kwake. Nikamwambia kwa kasi ninayosoma mimi hawezi kunifuata.

Sauna hatukuingia. Jiko limewaka bure.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka na mpango wa hali ya juu. Ensio anajua kusoma. Ensio ana kiu. Basi nimfanyie hisani: asome yeye, kwa sauti, jikoni kwangu, nami nisikilize kama mwenye nyumba. Aibu yangu inabaki kabatini, Valfrid anavuka.

Akaja amevaa tai. Amechana nywele. Nikamwekea kahawa, nikamwambia leo nampa heshima ya kusoma kwa sababu miwani yangu iko kwa fundi.

Akasoma. Mungu wangu! Miaka thelathini na kitu ya kutangaza treni imemharibu. "Valfrid. Akatazama. Ng'ambo. Ya ziwa." Kimya, watu washuke. "Mwanga. Dirishani. Kwa Amanda." Kimya, watu wapande. Mapenzi ya miaka kumi, yeye anayaondoa kama treni ya kwenda Kajaani.

Nikamwomba asimame. Hakubisha. Akafunga kitabu, akasema hata yeye anasikia kwamba haifai. Akasema Aune akisoma ulikuwa unajua nani anatabasamu, hata kama kitabu hakijasema.

Tukanywa kahawa. Nilimkumbuka Aune. Nilitaka sauti yake, si hadithi. Hadithi ni mahali ilipokuwa ikikaa.

Akiondoka akasema mlangoni, "Basi soma wewe. Mimi nitakaa kwangu, kama zamani. Huna haja hata ya kuniona."

Jumatatu, 10 Machi

Jana nilianza. Leo nimeendelea. Sababu ni moja tu: Ensio asije akadhani nimeshindwa.

Saa kumi na mbili jioni. Kiti changu ukutani. Nilisoma kama mtu anayevuka ziwa lile lile, naweka mguu, nasikiliza, naweka mwingine. Ile sentensi ya mistari minne niliirudia hadi nikampata anayepigwa na upepo. Ni Valfrid! Nilipiga meza. Ukurasa mmoja na nusu kwa jioni nzima, shati limelowa.

Leo jirani kaleta vituko vipya. Dada yake wa Kuopio alikuwa na nakala yake kabatini, ameituma kwa basi. Sasa Ensio anafuata kwa kidole, na nikikosea anagonga. Gonga moja, rudia neno. Gonga mbili, umeruka mstari. Nikamwuliza koridoni, kama anacho kitabu, si ajisomee amalize? Akanitazama kama nimemtukania mama. Alisema hii ni hadithi ya kusomewa. Hasomi mbele, hasomi nyuma, anakaa pale nilipo.

Nikasema vema, basi afute ile oda yake. Akakataa! Akasema bila tarehe nitakaa na yule mtu barafuni hadi kiangazi.

Hakuna mtu Ufini nzima mwenye roho mbaya kama hiyo. Kesho nampelekea mwenyekiti wa jengo malalamiko juu ya kelele za kugonga.

Jumatano, 12 Machi

Malalamiko sikupeleka. Kurasa sita leo! Gonga nne tu, na moja naipinga.

Jambo moja limenikera. Halli yuko wapi? Valfrid anatembea juu ya barafu, anaanguka, anainuka, anaongea peke yake. Mbwa hata kubweka. Aune aliponiachia, Halli alikuwa mbele anavuta kamba. Mwandishi gani anasahau mbwa? Uzembe wa namna hii kiwandani ungekukata vidole.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimesoma mstari huu, polepole, neno kwa neno: Laiti Halli angalikuwa hai.

Nikasimama. Nikangoja Ensio agonge. Kimya. Nikarudia, nikiwa na hakika nimekosea. Kimya. Nikarudia mara ya tatu, kwa sauti kubwa, karibu kumwomba. Hakugonga.

Nikagonga mimi.

Tulikutana koridoni tukiwa na soksi tu miguuni, kila mmoja na nakala yake. Tukakaa kwenye ngazi, tukafungua kurasa za nyuma, zile alizokwisha kusoma Aune. Yeye alivunja sheria yake, mimi ya Aune. Na nikaona mwenyewe, kwa macho yangu mwenyewe, hakuna aliyenisomea: vuli, barafu changa, Halli akitangulia kama kawaida yake, kisha shimo jeusi, na Valfrid akiita mpaka sauti ikamkauka. Mbwa alikufa zamani. Sura nyingi kabla ya pale penye pakiti ya kahawa.

Ensio akasema haiwezekani. Na ile soseji ya mchungaji, aliyoiba kanisani? Ilikuja baada ya vuli. Na Krismasi, alipolala juu ya miguu ya mchungaji huyohuyo na mchungaji hakuthubutu kuinuka hadi asubuhi? Tukatafuta. Mchungaji yupo. Krismasi ipo. Soseji hamna. Mbwa hamna. Hata unyoya mmoja.

Aune. Jioni kwa jioni, kitabu mkononi, alikuwa anamtunga. Kwa sababu kabla hajafungua ukurasa kulikuwa na mzee anauliza, "Na mbwa?"

Kwanza nilikasirika. Nikasema kwa sauti kwamba nimeishi na mwongo. Ningejua kusoma, hakuna mtu angenidanganya hivi, si benki, si daktari, si mke.  Ensio akasema kwamba ile ya soseji alicheka peke yake jikoni kwake hadi kahawa ikamwagika, na kwamba nyumbani kwake hapajatokea kicheko kingine tangu hapo.

Basi nikalia. Kwenye ngazi, mbele ya adui. Naye akaanza kutazama kwa bidii tangazo la zamu za kufagia theluji.

Tangu Januari nimedhani namtaka mtu wa kunimalizia hadithi. Hadithi ninayo mkononi, naweza kuisoma. Ile ya Aune ndiyo haina wa kuimaliza.

Jumapili, 16 Machi

Sura ya mwisho. Nilivaa shati safi. Kupitia ukutani nilisikia kiti cha Ensio kikisogea, kikombe kikitua.

Nilisoma vizuri. Naandika hili bila kujisifu, ingawa ni kweli. Valfrid akafika ufukweni kabla ya jua kuzama. Barafu ilishikilia. Akapanda njia ya kwenda nyumba ya wageni, akagonga, Amanda akafungua. Nilijua kwamba Amanda anatabasamu, na kitabu kilikuwa hakijasema.

Kisha nikafika mistari ya mwisho. Nikaitangulia kwa macho, kimyakimya. Sasa naweza hivyo. Imeandikwa: Amanda akatazama nyuma ya Valfrid, njiani, akauliza mbwa yuko wapi. Valfrid hakumjibu. Basi. Kitabu kimeisha. Hivyo!

Nikavuta pumzi. Nikasoma:

"Halli ndiye aliyeingia kwanza. Akapita kati ya miguu yao bila kubisha hodi, akajikung'uta maji ya ziwa sakafu nzima. Amanda akafoka, we mshenzi, nimedeki sasa hivi! Kisha akaenda kumtafutia soseji."

Nikanyamaza. Mkono juu ya ukurasa. Gonga mbili maana yake umeruka mstari. Sijui gonga ngapi maana yake umeongeza mbwa.

Ensio alikuwa na kidole chake pale pale, kwenye mistari ile ile. Nilingoja.

Hakugonga. Baada ya muda nikasikia anapenga kamasi, kwa nguvu, kama treni ya mizigo inayopita stesheni bila kusimama.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudisha kitabu ndani ya muda. Pakiti ya kahawa nimeitoa, iko hapa ndani ya shajara.

Pirita akauliza nimekionaje. Nikasema mwandishi ana kipaji, ila kwa mbwa ndiyo hodari hasa. Akakunja uso, akasema hakumbuki hivyo. Nikamshauri akisome tena, safari hii kwa makini. Akanikumbusha lile darasa la Jumanne, nafasi bado zipo. Nikasema ahsante, kusoma kwangu hakuna kasoro, tatizo ni miwani tu. Leo pia nimeisahau. Akanitazama usoni, ilipo. 

Ensio nilimkuta kwenye ngazi. Kwa ukali akauliza ni saa kumi na mbili ileile au nimebadilisha. Nikasema ileile. Nikamwambia pia kwamba Ijumaa sauna ni yangu na nikimkuta pale nitamfungia nje uchi kwenye theluji. Akasema tutaona.

Nimeazima kingine, nimekichagua kwa unene. Nimesoma maneno ya nyuma mwenyewe, mara mbili: mwalimu wa kike, kisiwa, urithi. Hakuna mbwa. Nimekagua na jalada, hakuna.

Si neno. Ataingia ukurasa wa tatu.